Mbuzi Aliyekula Makopa

Mama yangu alikuwa na mdomo. Sisemi hivyo kwa kumvunjia heshima. Hata yeye mwenyewe alisema Mungu alipogawa ndimi, yeye aliwahi foleni. Zamani, tulipoishi bondeni karibu na Ruvuma, kila nyumba katikati ya mikorosho yake, mdomo huo haukuwa na kazi kubwa. Ukitaka kugombana na jirani ilibidi utembee, na ukifika umeshachoka. Kisha ikaja Operesheni. Tukahamishwa, tukapangwa mistari miwili kando ya barabara, ukuta kwa ukuta, tujenge ujamaa. Tukaujenga, na ugomvi nao tukaujenga.

Mwaka wa pili tangu tuhamie, mdogo wangu Mfaume aliingia jandoni. Kwetu, mtoto akiwa kumbini, kwenye kambi ya jando, mama yake naye hufungwa miiko huko nyumbani. Chakula chake hakitiwi chumvi. Nywele hapaki mafuta. Na zaidi ya yote, hagombani na mtu. Mama akigombana, kidonda cha mwanawe hakifungi. Bibi alikuja kumkumbusha Mama mbele yetu sote, neno kwa neno, kama vile hamwamini. Mama akajibu kwamba chumvi si kitu, mafuta si kitu, lakini hilo la ugomvi watu wamwombee dua.

Nilicheka. Mama hakucheka. Kabla ya Mfaume alizaa watoto wawili wa kiume, na wote tuliwaacha kule bondeni, chini ya udongo. Baba alikuwa kibarua wa bandari Mtwara mjini, akija mara moja moja. Mfaume ndiye aliyekuwa macho ya Mama.

Kila asubuhi wenye watoto kumbini walipika ugali wa muhogo na mboga, Mzee Selemani, mtumishi wa kumbi, akapita kuchukua. Mwanamke hasogei kumbini, haulizi, haambiwi. Habari pekee anayopata ni bakuli lake linaporudi. Likirudi tupu, mtoto ni mzima. Likirudi na chakula, mama halali. Mabakuli yenyewe yalifanana yote. Duka la kijiji lilileta aina moja tu, ya bati, meupe, yenye ua jekundu ubavuni, na kijiji kizima tulinunua hayo hayo kwa kuwa mengine hayakuwepo.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwanaisha, mama yake Bakari. Bakari naye alikuwa kumbini. Mwanaisha hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mchokozi, na mchokozi akimwona mkali amefungwa kamba, mkono humwasha. Alikuwa na beberu mmoja mweusi ambaye hakuwahi kufungwa kamba.

Siku moja tulikuwa tumeanika makopa uani, muhogo wetu wote tuliomenya na kuukausha kwa ajili ya miezi ya njaa. Beberu akaingia. Alichoweza kukila alikila, na alichoshindwa alikichafua. Mama alitoka ndani, akaona. Mimi nikasogea pembeni, maana nilijua kinachokuja. Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Akachukua mchi, akaenda kwenye kinu, akatwanga. Kinu kilikuwa kitupu. Mstari mzima wa nyumba ulisikia, na kila mtu alijua anatwangwa nani.

Mwanaisha hakuja kuomba radhi. Alijua naye hatakiwi kugombana, basi akaimba. Alikaa upande wa pili wa ukuta akimenya muhogo wake, akaimba kwamba mwenye makopa alinde makopa, mbuzi hajui mipaka. Kuimba si kugombana, alisema alipoulizwa. Akaimba wimbo huo siku baada ya siku, na sisi tukatwanga kinu kitupu mpaka mikono ya Mama ikatoka malengelenge. Nilitamani nimrushie kitu.

Ndipo bakuli letu likarudi limejaa.

Siku ya kwanza Mama alisema labda mtoto hakupenda mboga. Siku iliyofuata likarudi limejaa tena, na siku iliyofuata vilevile. Kisimani maneno yakaanza. Wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Yule mama hakugomba kwa mdomo, lakini nani asiyesikia kinu chake? Bibi alipokuja hakumpunguzia. Alisema, "Umefunga mdomo, moyo umeuacha wazi. Nenda ukautue."

Mama alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo; kwenye misiba ya wale wawili nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Aliinama juu ya ule ugali uliopoa akalia kama mtoto. Kisha akanawa uso, akajifunga kanga, akaenda kwa Mwanaisha, mimi nyuma yake. Mwanaisha alikuwa anakata boga. Mama akapiga magoti.

"Mama Bakari," alisema, "nilikuwekea kinyongo kwa ajili ya mbuzi. Nisamehe. Mwanangu hali."

Kisu kilimtoka Mwanaisha mkononi. Aliyestahili kuomba radhi ameketi, aliyeliwa makopa amepiga magoti. Akamwinua Mama, akaanza naye kulia, akasema ni shetani tu na ulimi wake, yeye bakuli lake lilikuwa linarudi limelambwa na raha ikamlevya. Akaleta maji kwenye kata. Kila mmoja akajaza kinywa, akayapuliza chini, kama tunavyomaliza maneno mabaya kwetu. Halafu akasema beberu amekula kisicho chake, sasa naye ataliwa. Kesho atamchinja, na supu yote apelekewe Mfaume.

Jioni hiyo Mzee Selemani alirudisha bakuli letu. Lilikuwa limejaa. Hakutakiwa kusema lolote, lakini alikuwa mzee mwenye huruma, macho yake yamefifia, na alimwona Mama alivyokonda.

"Usijitese, mwanangu," alinong'ona. "Mfaume wako hana neno. Jana yale maboga aliyamaliza, akaomba tena."

Sisi hatukupika maboga. Maboga alikuwa nayo Mwanaisha.

Nilimwona Mama akielewa. Mzee Selemani alikuwa anapishanisha mabakuli mawili yanayofanana huko kumbini tangu siku ya kwanza. Mfaume alikuwa anakula chakula cha Mwanaisha. Bakuli linalorudi limejaa lilikuwa la Bakari. Uso wa Mama ulifunguka, akaziba mdomo kwa kanga asipige kigelegele. Na hapo hapo, ng'ambo ya ukuta, tukamsikia Mwanaisha akimwita beberu wake na kumtania kwamba leo ale vizuri, kesho ana safari. Furaha ikamtoka Mama usoni, nikaiona inavyotoka.

Nilimuuliza kama twende tukamwambie Mwanaisha. Mama akatikisa kichwa.

"Nikimwambia atakimbilia kumbini, na mwanamke akikanyaga kumbini ni balaa kwa watoto wote. Asipokwenda, atakufa humu ndani kwa kungoja. Mimi kungoja nimeshakuzoea, Amina. Acha niendelee."

Akamgeukia Mzee Selemani, akamwagiza asibadilishe kitu. Bakuli lake liende kule kule lilikokuwa linakwenda.

Kesho yake beberu alichinjwa. Mwanaisha alileta supu mwenyewe, moto, bila chumvi, akasema, "Mpe mwanao." Mama aliipokea kwa mikono miwili akajibu kwamba mtoto atapewa. Akaimimina yote kwenye bakuli. Sisi nyumbani hatukuwa tumeonja nyama tangu Idi, na harufu ile ilinitia hasira nikanuna mpaka jioni. Hata mfupa hakunibakizia. Bakuli likarudi limepungua kidogo. Mama akampikia Bakari uji, akamsagia karanga, akaamka alfajiri kumwombea kwa jina lake, polepole, ukuta usisikie. Mwanaisha akawa haachi kuleta, leo yai, kesho asali, akiuliza Mfaume anaendeleaje. Mama alijibu kwamba mtoto anajitahidi. Nami niliyajua yote, na sikuwahi kumwona mama yangu akibeba kitu kizito namna ile. Mpaka siku moja bakuli likarudi tupu, limelambwa hadi kwenye bati. Mama aliketi kizingitini akalipakata mapajani.

Watoto walitoka kumbini kabla shule hazijafunguliwa, vichwa vimenyolewa, wamevaa nguo safi. Vigelegele vilipasua masikio. Mfaume alikuja mbele, mashavu yamejaa. Nyuma yake alikuja Bakari, shingo nyembamba, nguo inamning'inia, lakini anatembea na anacheka. Mwanaisha alimkumbatia, kisha akamshika mabega akamtazama vizuri. Akamtazama na Mfaume.

Akauliza, "Mwanangu, umekuwaje?"

Bakari alisema aliumwa sana. Alisema aliponea kwenye supu ya mbuzi.

Mwanaisha alimwacha mtoto, akaja mbele ya Mama. Watu walikuwa wamesogea, maana jando limekwisha, miiko imefunguliwa, na kila mtu alikuwa akisubiri kusikia mdomo wa mama yangu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu maboga," alisema Mama.

Mwanaisha alitaka kupiga magoti. Mama akamdaka kiwiko, akamkalisha kwenye mkeka kando yake, akajifunga kanga kiunoni.

"Magoti baadaye," alisema. "Sasa kaa hapa, Mama Bakari, nikwambie habari ya makopa yangu."

Akamwambia. Alianza na siku tuliyong'oa ule muhogo, akaja kwenye kuumenya, akaja kwenye kwato za yule beberu, na kwenye wimbo, na kwenye malengelenge ya mikono, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mstari wa nyumba. Mwanaisha alisikiliza amempakata Bakari kama mtoto mchanga, machozi yanamtiririka, na kila Mama aliponyamaza kuvuta pumzi, yeye alisema, "Sema, dada. Sema yote."