Mota ya Kukulia

Jumanne ya mnada, mwaka wa themanini na saba, kamati ya maji ilikutana Kasikeu, kwenye baraza ya duka la mwenyekiti Nzomo, kuchagua mota ya pampu. Stima ilikuwa imefika sokoni na kisima kilikuwa tayari. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, ndio waliokichimba kwa sururu na karai, wakiimba na kupokezana mawe. Muthoki alichimba nao mpaka tumbo la mimba likamzuia kuinama.

Fundi Gicheru aliitwa kutoka Malili. Alipima kina kwa kamba, akateka maji, akakaa kungoja yarudi.

"Hii kisima inajaa polepole," akasema. "Chukueni mota ya nguvu ya farasi watano. Kubwa itanyonya haraka kuliko maji inaingia."

Nzomo alicheka. "Fundi, wewe mtoto wako unamnunulia shati ya shule ya kumtosha leo?"

Wote wakacheka, maana nguo ya mtoto hununuliwa ya kukulia na hilo halina mjadala. Mikono ikainuliwa, wa Muthoki ukiwemo. Ikanunuliwa mota ya farasi ishirini. Hakuna aliyeuliza kwa nini bomba lilipanda kwanza kilimani, kwenye michungwa ya Nzomo, ndipo lishuke sokoni. Mwenye nguvu mpishe.

Siku mota ilipowashwa, kisima kilikauka kabla ya chai ya saa nne. Mota haikusimama, na kilimani maji hayakukatika. Sasa yalinyonywa kutoka kwenye mitungi ya nyumba za bondeni, kisha kwenye sufuria za maharagwe zilizokuwa jikoni. Kwenye mazishi ya mzee Mutunga watu walilia macho makavu, na mchungaji akafupisha ibada.

Majumbani kulipokosa cha kunyonywa, ikafika zamu ya maziwa. Muthoki alikuwa akimnyonyesha Kiema, mwanawe wa wiki tatu, mota ilipozidi kunguruma. Titi lilisinyaa mdomoni mwa mtoto. Kiema alilia mpaka sauti ikapotea, na kesho yake hakulia tena. Muthoki alimfunga mtoto kifuani, akapanda kilima.

Nzomo alikuwa akinawa mikono bombani. Maji yalikuwa na weupe kidogo.

"Mwenyekiti, zima mota. Mtoto wangu anakufa."

"Pole sana, mwaitu, mama yetu. Lakini hiyo mota si yangu, ni ya kamati. Na wewe uliinua mkono."

"Niliinua."

"Basi ngoja mkutano. Ni mwezi ujao."

Muthoki hakuondoka. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelegea begani pake, na alikuwa akisikiliza kama bado anapumua. Kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, Nzomo alichuma chungwa akampa. Muthoki alilipasua kwa meno, akalikamulia mdomoni mwa Kiema. Yalitoka maziwa, yenye uvuguvugu. Mtoto alifumbua macho, akalamba, kisha akaling'ang'ania chungwa kwa fizi. Ladha ile aliijua.

Nzomo alitazama mpaka likaisha.

"Uwe unakuja kila asubuhi," akasema. "Ukimaliza kupalilia mistari miwili, utapewa lingine."

"Asante, mwenyekiti," alisema Muthoki, na akauliza jembe liko wapi.