Mfuko Chini ya Shuka

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa tumbo, Ebla alifumbua macho, na neno lake la kwanza halikuwa maji wala chai.

"Kile kinachoning'inia pale ni nini?"

"Mfuko wa mkojo, eddo," alijibu Nurto, mkazamwana wake, akimwita shangazi kama adabu ya kwao inavyotaka. "Umewekewa mpira. Ni kwa muda tu."

"Mkojo wangu mimi? Na watu wanapita?"

Walikuwa katika chumba cha mahututi cha hospitali moja mjini Garissa, vitanda vinne vinavyotazamana na meza ya wauguzi. Ulikuwa mwaka ule mvua ilipozidi hata barabara ikakatika, na Issack, mumewe Nurto, akakwama Dadaab na lori lake la maji. Kwenye simu alisema neno moja tu: "Mama yangu nimekuachia wewe."

Ilipofika saa kumi za jioni, wanawake wa Iftin, mtaa wao, wakamiminika kumjulia hali mgonjwa. Ebla, ambaye hata nywele zake majirani hawakuwahi kuziona, aligeukia ukuta, chozi likamtoka. Nurto akaingiwa na huruma. Aliuchukua ule mfuko, akaulaza kitandani kando ya paja la mgonjwa, akaufunika kwa shuka.

"Mungu akupe mkazamwana kama wewe," Ebla alimnong'oneza.

Basi ikawa desturi. Kila saa kumi mfuko ulipanda kitandani. Siku nyingine Nurto alikuwa akimnyonyesha Salah, mwanawe wa miezi minne, akaja kuukumbuka magharibi.

Siku ya sita Ebla alianza kutetemeka. Nurto alijifunza kusoma darasa la jioni, mimba ya Salah ikiwa tumboni, na sasa aliisoma mwenyewe karatasi ya joto la mwili iliyofungwa miguuni pa kitanda. Asubuhi, thelathini na nane nukta sita. Jioni, thelathini na tisa nukta nne.

"Malaria," alisema daktari. "Mji mzima unatetemeka."

Akatundikiwa kwinini. Siku mbili zikapita, homa iko pale pale. Siku ya pili hiyo, Ebla alimtazama Nurto akamwuliza yeye ni binti wa nani.

Asubuhi iliyofuata Nurto alirudi nyumbani mbio amwogeshe mtoto. Alitia mpira ndani ya pipa la maji, akavuta kwa mdomo, maji yakaanza kuteremkia kwenye jerikeni dogo lililokuwa chini. Lilipokaribia kujaa, Salah akalia. Nurto, mtoto mkono mmoja, akalinyanyua jerikeni na mpira wake ndani, akaliweka juu ya ukuta uliolipita pipa kwa urefu, mbali na mbuzi. Aliporudi, pipa lilikuwa limechafuka. Maji yalikuwa yamerudi yalikotoka, na tope lote lililotuama ndani ya jerikeni nalo.

Nurto alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Ya Allah. Mimi ndiye."

Njia nzima alikuwa akibishana na nafsi yake. Akisema, watu wa Issack watamwita muuaji. Asiposema, eddo atatibiwa malaria mpaka kaburini. Alipoufikia mlango wa chumba cha mahututi, mabishano yalikwisha.

"Sista Ramlo, nisikilize. Ule mfuko nimekuwa nikiulaza kitandani. Kila jioni."

Muuguzi alishika kiuno. "Nyinyi na haya zenu! Mkojo uliokaa kwenye mfuko unarudi tumboni na vijidudu vyake, unajua? Mficha uchi hazai, hujasikia?"

"Nina mtoto mmoja tayari," Nurto alisema huku akilia.

Ramlo akashindwa kujizuia, akacheka. Kisha sauti ikashuka. "Usijiue, dada. Saa kumi sisi tuko hapa mezani na chai yetu, hakuna aliyeinua shuka. Na mpira wenyewe ulitakiwa kutoka siku nne zilizopita. Ngoja nimwite daktari."

Mkojo ulikuwa mzito kama maji ya mto. Daktari aliupeleka maabara, akatoa mpira na kuagiza sindano nyingine. Nurto hakulala, wala hakuacha kuisoma ile karatasi. Thelathini na nane nukta tisa. Thelathini na nane kamili. Siku ya tatu, thelathini na saba nukta moja. Aliisoma mara tatu, kidole juu ya tarakimu, akamkumbatia Salah hadi mtoto akalalamika.

"Nurto," sauti iliita kitandani. "Mpe mtoto pumzi."

Alimjua! Nurto akapiga magoti, akamweleza yote bila kubakiza. Ebla alimsikiliza hadi mwisho.

"Nani alilia ule mfuko ufichwe?"

"Wewe, eddo."

"Basi kosa tuligawane. Nusu yangu ndiyo kubwa, mimi ni mkubwa wako. Issack tutamwambia pamoja. Sasa niinue."

Saa kumi, wanawake wa Iftin walipofika mlangoni, walimkuta Ebla katikati ya chumba, mkono mmoja begani mwa Nurto, akikokota hatua.

"Eddo Ebla! Unakwenda wapi?"

"Chooni!" alijibu kwa sauti iliyosikika hadi meza ya wauguzi. "Kwa miguu yangu mwenyewe. Nipisheni njia."