Meza Isiyolegea

Mwalimu wa chekechea ya mtaani kwetu alimwambia binti yangu kwamba nafasi ya mtoto wake ipo, ila meza ndiyo haipo. Zile za plastiki zimevunjika zote. Alete meza imara, mtoto aanze siku hiyo hiyo.

Binti yangu akaja mbio karakana. "Baba, si wewe fundi? Kimeza tu, cha watoto wanne. Wiki hii kitatoka?"

"Kitatoka," nikasema. Ningesema nini? Kwamba mjukuu wangu, ambaye mimi humwita Bosi, ndiye mwenzangu wa pekee humu kila asubuhi tangu bibi yake atutoke? Kwamba naombwa kutengeneza kwa mikono yangu kitu kitakachomwondoa? Mtu mzima hasemi hivyo. Mtu mzima hutafuta hila.

Lisilo budi hutendwa, wahenga walisema. Hawakusema litendwe haraka. Kwanza nikadai mbao hazijakauka, nazo zilikuwa kavu kuliko koo langu. Kisha nikakataa misumari. Kila mguu nikauchongea ulimi wa kuchomekwa, na kila ulimi nikautobolea tundu lake kwa patasi, taratibu. Pembe nikazipiga msasa zisimwumize mtoto akijigonga, halafu nikazirudia. Bosi akapitisha kiganja, akatikisa kichwa. "Bado, babu." Nilimpenda mno siku ile.

Wiki zikawa tatu. Binti yangu akaanza kunung'unika kwamba mafundi wote ni watu wa kesho. Mimi! Mimi niliyewacheka mafundi wa kesho miaka arobaini!

Basi nikaona heri niharibu kazi. Nikashika msumeno nipunguze mguu mmoja, upana wa kidole tu, meza iyumbe na mwalimu aikatae. Mkono ukagoma. Nilisimama pale nikitokwa jasho, nikijitukana, lakini mkono haukutaka aibu. Nikaweka msumeno chini, nikapanda juu ya meza na kilo zangu tisini, nikaruka mara tatu, kama nifanyavyo kwa kila samani kabla haijatoka. Haikulia hata kidogo. Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumatatu tukaipeleka. Bosi alikimbilia upande wa dirishani, akawatangazia wenzake, "Babu yangu ndiye aliyeitengeneza!" kisha akanisahau papo hapo. Mwenzake alikuwa na kalamu za rangi. Mimi nina nini?

Nikabaki mlangoni nikiikunjakunja kofia yangu. "Mwalimu," nikasema, "meza za mbao hulegea, unajua. Nitakuwa napita asubuhi kuikaza. Kwangu si kazi."

Binti yangu akanitazama. Katika maisha yake yote hajapata kunisikia nikisema meza yangu italegea.

Mwalimu, mama mmoja mwenye mwili wake, akaishika meza pembe mbili akaitikisa kwa nguvu zake zote. Meza haikusogea, yeye ndiye aliyesogea.

"Usijisumbue, mzee wangu," akasema kwa furaha. "Hii haitalegea mpaka hawa wazae. Umefanya kazi kweli kweli. Sasa ukapumzike."

Sijawahi kusifiwa hivyo, wala kuumizwa hivyo. Nikasema asante, nikatoka upesi nisije nikalia mbele ya watoto wa watu.