Skrubu za Mjomba

Mimi ni fundi wa umeme, na nina ubaya mmoja: kazi mbovu hunipandisha hasira hata ikiwa ya ndugu yangu. Kwa hiyo siku niliyofungua soketi ya jikoni kwa mama na kukuta plastiki imebabuka, nyeusi ti, nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Mama, unataka kuungua na nyumba yako?"

"Miaka thelathini haijaniunguza," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Nyaya za nyumba ile alizitandaza mjomba, kaka yake mama, enzi ambazo shaba ilikuwa haipatikani hata kwa dawa. Alitumia alumini. Alumini ina tabia zake: ikipata joto hutanuka, ikipoa hunywea, na skrubu inayoibana hulegea kidogo kidogo. Ikishalegea, pale kwenye kiungo hupashika moto, na mwisho wake ndio huo niliouona jikoni. Mjomba alilijua hilo. Ndiyo maana kila baada ya miezi sita alikuja na bisibisi yake ya mpini mwekundu, akazima meni swichi, akazunguka chumba kwa chumba kukaza skrubu moja moja, kisha akanywa chai na dada yake hadi jioni. Ni yeye aliyenifundisha kazi hii. Ila sasa macho yamemchoka, na soketi ya jikoni ilimpita.

"Natoa alumini yote, naweka shaba," nikasema. "Shaba ukiikaza imekazika. Utaisahau."

Mama aliweka kisu chini. "Sitaki."

Siku tatu alinizungusha: mara vumbi, mara rangi ya ukuta, mara kifua chake. Siku ya nne nilimpandishia sauti, na machozi yakamtoka.

"Kaka yangu unamjua," alisema. "Haendi kwa mtu bila kazi. Hata harusi yako alikuja kwa sababu kulikuwa na taa za kufunga. Ukiweka shaba, atakuja kufanya nini hapa?"

Nampenda mama yangu, lakini singeweza kumwacha alale na moto ukutani. Nilivuta shaba nyumba nzima kwa wiki moja, naye hakunisemesha isipokuwa kuniita nile.

Mwezi uliofuata mjomba alikuja. Alizima meni swichi, akafungua soketi ya sebuleni, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Aliuona wekundu wa shaba. Akajaribu skrubu; haikusogea hata chembe. Akafungua soketi ya pili, na ya tatu.

"Kazi safi," alisema.

Sifa hiyo nilikuwa nimeingojea miaka na miaka, na ilipokuja ilinichoma. Alianza kufunga mfuko wake wa vifaa, taratibu. Mama alisimama na birika mkononi, hajui alipeleke wapi.

"Basi, dada, mimi niende."

"Na chai, kaka?"

"Chai ya nini, na mkono wangu haujashika kazi?"

Alipofika mlangoni aligeuka. Aliniuliza huku akitazama viatu vyake: "Eti, fundi, shaba nayo hulegea?"

Jibu la swali hilo alinifundisha yeye mwenyewe. Alinifundisha pia kwamba fundi wa umeme hasemi uongo kuhusu waya, maana watu hulala wakiliamini neno lake. Sijawahi kumdanganya mteja hata mmoja. Nikamtazama mama, aliyekuwa amelikumbatia lile birika kana kwamba halina moto.

"Inalegea, mjomba," nikasema, macho makavu. "Inaishinda hata alumini. Hii inataka kukazwa kila mwezi."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Ukichelewa, balaa."

Mjomba alikohoa, akarudi ndani, akafungua tena mfuko wake. Akachomeka bisibisi kwenye skrubu niliyoikaza kwa nguvu zangu zote, akajifanya kuizungusha, akatikisa kichwa.

"Dada, mimina chai," alisema. "Hii imelegea vibaya sana."