Jumapili ya Kuwinda Hewa

Barua ya serikali ilibandikwa ukutani Jumatatu asubuhi, na kufikia saa nne kila mtu kiwandani alikuwa ameisoma au amesomewa. Viwanda vyote vikubwa vilikuwa vimewekewa lengo: ndani ya miezi sita, umeme na mafuta yanayotumika kutengeneza kila mita elfu za kitambaa yapungue kwa asilimia kumi. Nchi imechoshwa na mgao wa umeme, barua ilisema, na kabla ya kujenga mtambo mwingine tuache kwanza kupoteza tulicho nacho. Kiwanda kitakachoshindwa kitaondolewa kwenye nafuu ya bei ya umeme.

Sisi tulikuwa tunapiga chapa vitenge, hapa Tema, mji wa bandari wa Ghana. Mimi nilikuwa mkaguzi wa kitambaa kwenye laini ya pili, na ndiyo maana maneno ya meneja wetu, Bwana Ankrah, yalinikata maini. Alitukusanya uani akasema amepiga hesabu zote. Laini ya pili ni ya zamani, inakula umeme kuliko ya kwanza, na njia pekee anayoiona ni kuifunga. Watu arobaini na wawili. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo Dzifa Agbenorku aliponyoosha mkono.

Dzifa alikuwa mwangalizi wa kompresa, ile mashine inayoshindilia hewa na kuisukuma kwenye mabomba ili mashine zetu zipate nguvu ya kubana na kuachia kitambaa. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa peke yake kwenye kile chumba chenye kelele, na katika mikutano yote ya kiwanda sikuwahi kumsikia akitoa hata salamu. Siku hiyo alisimama, akasafisha koo, akasema Jumapili mashine zote huzimwa isipokuwa kompresa, maana wakuu hawataki kuanza kujaza mabomba hewa upya Jumatatu. Lakini kila baada ya dakika mbili kompresa inanguruma na kushindilia, ilhali hakuna mtu kazini.

"Sasa hiyo hewa anakula nani?" aliuliza.

Injinia Baffour, mkuu wa mitambo, alicheka. "Labda ni majini, Dzifa."

Watu wakacheka naye. Dzifa hakucheka. "Majini hayapigi chapa vitenge, Injinia. Nipe Jumapili moja na watu wachache, nitakuonyesha anayekula."

Baffour aliacha kucheka. Mitambo ile aliifunga mwenyewe akiwa kijana, akaitunza miaka thelathini, na kumwambia inavuja ilikuwa kama kumwambia mtoto wake anakojoa kitandani mbele ya wageni. Alianza kueleza kwamba kila bomba huvuja kidogo, kwamba hilo limo vitabuni. Bwana Ankrah akamkatiza. Jumapili hiyo haimgharimu kitu, alisema, basi waende wakatafute.

Nilidhani tungekuja watu sita. Tulikuja ishirini na watatu, wengi moja kwa moja kutoka kanisani, wanaume na mashati yao meupe, wanawake na lesi zao, tukafunga vitambaa vya kazi juu ya nguo nzuri. Dzifa alitugawia chupa za maji ya sabuni, brashi ndogo, na vipande vya kitambaa chekundu alivyokata kwenye vitenge vilivyoharibika. Sheria ilikuwa moja: kimya. Ukisikia mlio, paka povu. Likifura, funga kitambaa hapo, nenda mbele. Kisha akaingia chumbani mwake kuhakikisha kompresa inaendelea, na kila kitu kingine kikabaki kimezimwa.

Nilikuwa nimefanya kazi katika ukumbi ule miaka tisa bila kuusikia hata siku moja ukiwa mtulivu. Sasa niliusikia, na nywele zilinisimama. Kulia, kushoto, juu darini, chini ya sakafu, kila mahali palikuwa panasema *sssss*, kama ghala lililofugiwa nyoka. Tulitazamana. Kijana mmoja wa ghalani alijishika mdomo asipige kelele.

Mvujo wangu wa kwanza niliukuta chini ya rola la tatu. Nilipaka sabuni kwenye maungio ya bomba, na povu likafura kama koo la chura, likapasuka, likafura tena. Nilifunga kitambaa. Hatua mbili mbele nikapata wa pili. Kabla sijasimama, nikausikia wa tatu nyuma ya shingo yangu.

Sijui nani alianzisha mashindano, lakini haikupita saa moja tukawa tumegawanyika, laini ya kwanza dhidi ya laini ya pili, na ile sheria ya kimya ikawa ya kunong'onezana matusi. Selorm wa laini ya kwanza alinipita akitambaa kwa magoti, akaninong'oneza, "Nyie lazima mshinde, Yayra. Mashine zenu zimetoboka kama soksi za mwalimu."

"Na zenu mpya mbona zinapumua kama zina pumu?" nikamjibu.

Saa nane hivi Injinia Baffour alitokea. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, mikono nyuma, akatuambia amekuja tu kuhakikisha hatuharibu kitu. Akatembea polepole katikati ya mashine. Nilimwona akisimama penye bomba kubwa la ukutani, akiinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Akasogea. Akainama. Kisha akaja kwangu akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe hiyo brashi."

Baada ya nusu saa alikuwa amelala kifudifudi chini ya mashine ya kukaushia, suruali yake nzuri imejaa rangi ya buluu, akiniita nimletee vitambaa zaidi.

Tulimaliza saa kumi na moja na kuhesabu. Vitambaa vyekundu mia moja sitini na saba. Ukumbi mzima ulikuwa umepambwa kama wa harusi, na sisi tumesimama katikati tukiwa wachafu, tunatabasamu kama wapumbavu. Baffour alivua miwani akaifuta muda mrefu. Halafu akamgeukia Dzifa mbele ya watu wote.

"Miaka yote hii," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa nawapikia hao majini."

Dzifa alimjibu kwamba sasa tuwanyime chakula, akaondoka kwenda kutazama kompresa. Hakutaka tuone macho yake.

Wiki tatu zilizofuata sijawahi kuziona zingine kama hizo. Mafundi walibadilisha mipira iliyochakaa, wakazungusha tepu nyeupe kwenye kila maungio, wakakaza, wakajaribu, wakakaza tena. Kompresa ikaanza kupumzika dakika nne, kisha sita, kisha tisa. Kompresa zenyewe zilikuwa mbili, na siku moja Dzifa alizima moja kabisa. Tukamngoja mtu aje kulalamika kwamba hewa haitoshi, na hakuna aliyekuja. Baffour aliweka ubao wa chaki langoni, akawa anaandika tumefika asilimia ngapi kila Ijumaa. Nne. Tano na nusu. Akavisha mabomba ya mvuke magamba ya kuzuia joto lisipotee, ikawa saba. Watu walikuwa wanafika kazini mapema ili wasome ubao. Mlinzi wa lango alianza kuzima taa za watu maofisini na kuwafokea hata wakubwa.

Halafu, mwishoni mwa mwezi wa tano tangu barua ibandikwe, asilimia ikagoma kupanda. Nane na nusu Ijumaa moja, nane na nusu Ijumaa iliyofuata. Zilibaki wiki mbili mkaguzi wa serikali aje kutoka Accra, na laini ya pili ilikuwa bado imeandikwa kwenye karatasi ya kufungwa aliyotembea nayo Bwana Ankrah.

Mchana mmoja mimi na Dzifa tulitoka kula kwa Daavi Akpene. Daavi ni dada mkubwa kwa lugha yetu, na wote tulimwita hivyo. Alikuwa akiuza banku, ule ugali wa unga uliochachuka, na supu ya bamia nje ya ukuta wa kiwanda, yeye na wanawake wengine wanne. Dzifa alikata tonge la kwanza, kisha mkono ukasimama njiani. Alikuwa anamtazama Daavi Akpene akiosha mabakuli kwenye maji yanayofuka, yaliyotoka kwenye bomba lililotokeza ukutani.

Wote tulilijua bomba lile. Mvuke ukishamaliza kazi kwenye mashine za kukaushia hugeuka maji, na maji yale yalimwagwa nje yakiwa bado yanachemka. Wanawake waliyakinga wakaoshea vyombo, wakanyonyolea kuku. Sisi ndani tulikuwa tunachoma mafuta kuchemsha maji mapya ya baridi kwa ajili ya boila inayotengeneza mvuke huohuo.

"Yayra," aliniambia polepole, "ile asilimia yetu iko kwenye mabakuli ya Daavi."

Hakuimaliza banku yake. Nilimwambia aende kwa Injinia kwanza. Alikataa, alisema huwezi kumlia mtu chakula chake kisha ukamnyang'anya maji yake kwa mlango wa nyuma. Akachuchumaa mbele ya Daavi Akpene akamweleza yote: lengo la serikali, laini ya pili, watu arobaini na wawili, maji.

Daavi Akpene alisikiliza huku anasugua bakuli. "Miaka kumi na tano mnanimwagia," alisema, "leo ndiyo mmejua kumbe ni mali?"

"Leo ndiyo nimeona, Daavi. Nisamehe."

"Na hao arobaini na wawili, wanakula kwangu?"

Dzifa alimwambia wengi wao. Daavi akanitazama mimi, akatazama bakuli langu. Aliuliza wataoshea nini. Dzifa akasema kompresa inapozwa kwa maji, na maji yale hutoka ya moto kiasi, si ya kuchemka, ila ni bure kweli, hayarudi popote. Angewavutia bomba.

"Ya kunyonyolea kuku?"

"Hapana, Daavi. Hayatoshi kwa kuku."

Daavi alisuuza bakuli aliloshika, akaliweka juu ya mengine. Kisha akasema tuyachukue, lakini bomba jipya lifike kabla la zamani halijakatwa, na kuku wa sherehe, kama kutakuwa na sherehe, tutawanyonyoa wenyewe.

Baffour alipoambiwa alijipiga paji la uso, kisha akakimbia. Kweli alikimbia, mtu wa miaka hamsini na nane, kwenda kutafuta pampu iliyokuwa imelala ghalani. Bomba la wanawake lilifungwa kwanza, kama Dzifa alivyoahidi. Siku ya tano maji ya moto yalikuwa yanarudi kwenye boila, na fundi wa boila alipunguza moto mara mbili siku hiyohiyo.

Mkaguzi, Bibi Lamptey, alikuwa mwanamke mwembamba asiyekubali hata chai. Alikaa siku tatu na vipimo vyake mwenyewe, akapima umeme, mafuta na kila mita ya kitambaa iliyotoka. Siku ya tatu mchana alikaa kwenye meza ya ukaguzi, meza yangu, akapiga hesabu. Akairudia upya. Kiwanda kizima kilikuwa kimejipanga nyuma yake.

"Kumi na moja na nusu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya nyumba.

Hatukuelewa mara moja. Kisha Bwana Ankrah akatoa karatasi mfukoni, ile ya laini ya pili, akaipasua vipande vinne, na wanawake wa upande wetu wakaanzisha borborbor, wimbo na dansi ya kwetu, palepale, wakipiga makopo ya rangi badala ya ngoma. Nilijikuta nimekaa juu ya marobota ya vitenge ninalia, wala sikumbuki kukaa. Bwana Ankrah alicheza vibaya mno, na hakuna aliyejali.

Bibi Lamptey alingoja kelele zipungue, akafunga mkoba wake, akasema tujue kwamba mwaka ujao lengo ni asilimia tano nyingine juu ya hizi. Watu waliguna. Nikamtafuta Dzifa nione amelipokeaje. Alikuwa pembeni karibu na mlango pamoja na Injinia Baffour, na walikuwa tayari wanabishana: Injinia anasema waanze na mota za zamani, Dzifa anasema hapana, waanze na mashine ya kukaushia. Walitoka hivyo hivyo wakielekea kwenye mitambo, mikono ikirushwa, bila hata kuonja sherehe.