Moshi wa Ijumaa Saa Saba

Siku ya nne hiyo nimepanda kwenye jukwaa la tenki la maji nyumbani kwetu Magomeni, nimeielekeza mashine ya ofisi yetu ya mazingira kwenye bomba la moshi la kiwanda cha chokaa, na bomba linanidhihaki tu. Mashine yenyewe haina haja ya kugonga geti la mtu. Inautazama moshi kwa mbali, kwa mwanga ambao jicho halioni, na kila gesi inachora kilima chake kwenye kioo. Salfa, niliyoifuata, haikuchora hata kichuguu.

Chini, Mama anakohoa. Mwaka wa sita huu. Nilishaapa kwamba kabla mashine haijarudishwa ofisini Jumamosi nitajua anavuta nini. Joto la mchana lilifanya kila kitu kielee, mabati, minazi, hata bomba lenyewe, mpaka nikawa sijui kama niko macho au nasinzia.

Baba, Mzee Pedro, alistaafu kiwandani hapohapo, kwenye tanuri. Kila siku aliniletea mihogo ya kuchemsha na kunitania, ati kumbe nimesomeshwa chuo kikuu ili nikodolee mawingu. Nilinuna. Alhamisi hakutania. Mama alikohoa mpaka akashika ukuta, na Baba akapanda ngazi mikono mitupu.

"Kesho saa saba," akasema. "Wakaguzi wa kiwanda wakiwa msikitini. Ndipo wanapochoma matairi."

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilikuwa nayatia mimi. Miaka kumi na moja."

Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa wakati mmoja.

Ijumaa, adhana ikaisha, mtaa ukatulia. Moshi ulitoka mweupe, mpole, ukaja upande wetu taratibu kama kawaida. Kwa macho, hakuna kitu. Kwenye kioo salfa ikaanza kupanda, ikapanda, ikafika mara tatu ya kiwango halali.

Nilidhani nitafurahi. Baba alikuwa nyuma yangu, anakitazama kile kilima. Akauliza kama ripoti yangu itasema nimeijuaje saa ya kuchoma. Nikamwambia ipo sehemu ya shahidi, lakini naweza kuiacha wazi.

"Niandike. Jina langu lote," akasema. "Ila usiitume kwanza. Mama yako ayasikie kwangu."

Akashuka, akishikilia kila kidato. Nikasikia anabisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe.