Maziwa Hayafiki Mapafuni

Kwetu Myanga mjane hukaa karibu na jeneza. Lakini siku ya mazishi ya Khaemba, mkewe Nakhungu aliketishwa nyuma ya jikoni, peke yake, kwa sababu shemeji zake walikuwa wameshakata kauli kwamba yeye ndiye aliyemuua. Jumatatu jioni, katika chumba chao cha kupanga Kitale, Khaemba alikula kuku aliyepikwa na mkewe. Usiku akashikwa na homa. Alhamisi akafa akitafuta pumzi. Hospitali walipima malaria wakaikosa, na kwa akili za Absalom, kaka mkubwa wa marehemu, ilibaki sumu tu. Mazishi yakiisha, Nakhungu angefungasha arudi kwao.

Mimi, fundi mwenzake, nilijua kilichomuua. Bosi wetu Gathii naye alijua, na alikuwa amekaa mstari wa mbele akijipepea kwa programu ya mazishi. Rambirambi yake ilikuwa kreti nne za maziwa.

Maziwa hayo ndiyo yaliyonichemsha damu. Karakana ya Gathii hutengeneza friji na matangi ya kupozea maziwa, na kila fundi hupewa pakiti moja ya maziwa kwa siku, ati yaoshe moshi kifuani. Mafundi wengi Kitale huamini hivyo. Nami nilikunywa miaka sita bila kujiuliza yanaoshaje kifua ilhali yanaenda tumboni. Nilijiona mjinga sana siku nilipojiuliza.

Mwaka huo wa 2006 Gathii alileta rodi mpya za kuchomelea mabomba ya shaba. Zilikuwa nzuri kufanyia kazi, sitasema uongo. Ziliyeyuka upesi na kupenya kwenye kiungo kama siagi kwenye mkate moto. Jumatatu hiyo tulikuwa kazini katika mji wa Kwanza, ndani ya chumba cha mashine chenye mlango mmoja. Mvua ilipoanza, Khaemba akaufunga. Alichomelea viungo tisa ndani ya moshi wa rangi ya kahawia, mimi nikiingia na kutoka kumletea vifaa. Tulipofunga kazi ya siku alikunywa pakiti mbili badala ya moja, akanitania kwamba kesho atanyonya ng'ombe mwenyewe.

Alipokufa nilichukua pakiti ya zile rodi nikampelekea binamu yangu Peris, anayefundisha kemia katika chuo cha Kibabii. Alisoma maandishi madogo, akaivua miwani.

"Hii ni kadimiamu," akasema. "Ni madini meupe, laini. Wanaitia kwa betri, kwa rangi ya manjano, wanapaka nati zisishike kutu. Hapa wameichanganya na silva ndio iyeyuke haraka. Lakini kwa huo moto wenu inachemka, inakuwa moshi. Ukivuta hausikii kitu. Masaa yanapita, halafu homa, halafu mapafu yanajaa maji. Na ukipona, inakaa kwa figo miaka na miaka, inaharibu mpaka mifupa."

Siku ya mazishi, kabla ya hotuba, Gathii alinivuta kando ya hema.

"Nangila, wewe utaongea kwa niaba ya karakana. Sema alikuwa mtu wa bidii, basi. Mambo ya familia tuachie familia."

"Na rodi?"

"Rodi gani, bana? Si wewe unataka kazi?"

Kazi niliitaka. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na hakuna karakana nyingine Kitale iliyokuwa imekubali fundi mwanamke. Niliogopa, na hofu yenyewe ikanikasirisha. Walipoita wafanyakazi wenzake, nilipiga moyo konde nikashika maiki.

"Usiku ule Khaemba alipata homa," nikasema. "Mimi pia. Nilitetemeka mpaka asubuhi, kifua kimebana. Absalom, mimi nilikula wapi siku hiyo?"

"Nitajuaje chakula chako?"

"Nilikula githeri kwangu. Kuku wa Nakhungu sikuonja. Kitu tulikula pamoja na Khaemba ni moshi wa rodi hizi." Nikazitoa rodi mkobani, nikaeleza yote niliyoambiwa na Peris. Hata akina mama waliokuwa wakiosha sufuria waliacha.

Gathii aliinuka taratibu, mkono kifuani.

"Msameheni, amechanganyikiwa na majonzi. Hizo rodi ni salama kabisa. Hata mimi mwenyewe naweza zitumia."

"Sawa, mzee. Kule Kwanza viungo vitatu vimebaki. Kesho twende na Absalom, ufunge mlango, uchomelee. Maziwa nitakubebea mimi."

Nikamnyoshea rodi. Mkono wake ulitoka, ukafika nusu, kisha ukarudi mfukoni. Absalom, aliyekuwa amesimama baina yetu, aliuangalia mkono huo mpaka ulipopotea ndani ya koti.

Alibeba kiti chake mwenyewe akakiweka kando ya jeneza, akaenda hadi nyuma ya jikoni.

"Mulamwa, shemeji yangu," akamwambia Nakhungu, "kuja ukae na bwana yako."

Nakhungu alikuja. Hakumshukuru shemejiye, na sikuona sababu ya kumshukuru. Alipofika mbele ya Gathii alisimama.

"Hizo kreti zako," akasema, "rudi nazo."

Zilirudi Kitale zote nne. Mimi sikurudi nazo, maana kazi yangu ilikuwa imeisha palepale.